Kisima cha Kanali

Virginia, Marekani
9 Machi 2025

Shangazi Lois,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na dada Everline na majirani wote hapo kijijini Wema. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu. Wiki ya kwanza nililala na koti na soksi jozi mbili. Asubuhi nasoma uuguzi, jioni namhudumia yule mzee ambaye kanisa lake ndilo lililonileta. Uliniambia mambo ya maana niyaandike, nisiyaseme kwenye simu inayokatikakatika, basi naandika.

Mzee mwenyewe ni jenerali mstaafu, Corwin Aldredge. Mwaka juzi alipata kiharusi. Mkono wa kulia umelala na maneno humtoka polepole, lakini shangazi, mtu huyu amefanya kazi. Miaka thelathini na nne jeshini, mhandisi. Amejenga madaraja vitani huku risasi zikipita, na nishani zake ni nyingi hata binti yake Meredith hukosea kuzihesabu. Mji wao unajenga ukumbi kwa jina lake, utafunguliwa tarehe 6 Septemba, na Meredith anaandika kitabu cha maisha yake.

Sasa kaa chini. Siku ya kwanza nilipoingia sebuleni nilikuta picha kubwa ukutani. Mwanamke ameshika kikombe cha bati, mashavu yamejaa kwa furaha, nyuma yake pampu mpya inang'aa. Ni wewe. Pembeni yako ni baba, amevaa shati la mistari. Watu wote wanatazama kamera, yeye anakutazama wewe. Nilisimama pale mpaka Meredith akaniuliza kama naumwa. Kumbe huyu mzee ndiye yule Kanali aliyechimba kisima kwetu mwaka 2009, baba akiwa mkalimani wake.

Meredith anasema habari ya kisima ndiyo anayoitegemea zaidi katika kitabu, kwa sababu vita watu huvibishania, maji hakuna anayeyabishania. Anayo barua uliyoandika mwaka ule, kwa ule mwandiko wako wa ubaoni: "Maji ni matamu, tunashukuru." Anaomba uandike nyingine, useme kisima bado kinawanywesha, utie sahihi; mimi nimekulia Malindi kwa mama, hali yake ya sasa siijui. Itasomwa siku ya kufungua ukumbi. Pia ameahidi kuniandikia barua ya kunisimamia nikiomba kibali cha kubaki na kufanya kazi huku. Hakusema kwamba moja inategemea nyingine, ila aliyasema mfululizo.

Ikifika kabla ya Julai itatosha. Msalimie Everline.

Mwanao,
Zadock


Wema
16 Aprili 2025

Baba Zadock,

Marahaba. Nakuita baba kwa sababu umebeba jina la baba yangu, na kwa sababu tangu uanze kuandika habari za majenerali umekuwa mtu mzima ghafla. Sisi hatujambo. Mto umeanza kupanda, tumewahi kupandikiza mpunga upande wa chini na sasa tunauombea. Nyani wamemaliza mahindi ya jirani yangu Kaviha, naye amehamia shambani na debe la kupiga kelele, hatulali wala nyani hawaondoki. Everline amejifungua mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, ana sauti ya mhubiri. Februari tulimkumbuka baba yako kanisani kama kila mwaka, nikatoa mkungu wa ndizi.

Barua yako ilikaa kwa Mansur dukani kule Tarasaa siku tisa. Ilinifikia bahasha ikiwa imegandishwa mara mbili, gundi juu ya gundi. Mansur anaapa kwamba ilinyeshewa. Mimi nimefundisha watoto wadogo miaka ishirini na sita, najua uso wa mtu aliyefungua kitu kisicho chake. Kwa hiyo kwanza niambie, huko kwenu nani anasoma barua zangu kabla yako?

La pili. Tana yote hii, kutoka Kinakomba mpaka baharini, imejaa vijana waliofaulu kuliko wewe, na usinune, matokeo yako niliyaona. Iweje kanisa la mbali likuchague wewe, na kukuweka katika nyumba ya mtu huyohuyo? Uliomba wewe, au uliombwa? Fikiri vizuri kabla hujanijibu.

Picha hiyo naikumbuka. Shati la mistari nilimshonea mimi.

Kula vizuri. Ukikosa wali kula chochote, lakini usikae na njaa kwa ajili ya adabu.

Shangazi yako,
Lois


Virginia
11 Mei 2025

Shangazi Lois,

Shikamoo. Nimefurahi sana kwa mtoto wa Everline. Nawatumia nguo zake kwa mtu anayekuja Malindi mwezi ujao. Masomo yanaendelea, na maua yametoka huku mpaka macho yanawasha.

Barua zako hasomi mtu. Meredith hajui Kiswahili hata cha salamu, na mzee anakumbuka maneno matatu: maji, asante, mamba.

Swali lako lilinikera, nisikufiche. Nikaenda ofisi ya kanisa ili nikupate na kosa. Nilimwomba karani anionyeshe fomu yangu. Shangazi, jina langu liliandikwa kwenye orodha yao miezi mitano kabla sijaomba. Zadock, mwana wa Ngumbao, Wema, Garsen. Hakuna jina lingine lolote. Karani alisema Jenerali mwenyewe ndiye aliyelileta.

Na kuna jambo jingine. Juzi nikimnyoa, mzee aliniuliza baba yangu alikufa mwezi gani. Nikasema alisombwa na mafuriko, mwezi sikuwa na hakika, nilikuwa darasa la pili kwa mama Malindi. Akageuza uso ukutani na povu la sabuni, hakutaka kumalizia upande wa pili.

Nikarudi kusoma barua yako. Umeandika mnamkumbuka Februari. Nimekaa nikafikiri. Februari mto wetu umepungua, watoto wanavuka maji yakiwa magotini. Mafuriko gani yaliyomchukua mtu mzima Februari?

Umenijibu habari za nyani na gundi ya Mansur. Habari ya kisima hukuigusa. Bado naisubiri ile barua yenye sahihi, na sasa nasubiri na hili la pili.

Mwanao,
Zadock


Wema
19 Juni 2025

Zadock,

Marahaba. Tu wazima. Mpunga ulikaa ndani ya maji siku kumi na mbili lakini haukufa. Nguo za mtoto hazijafika.

Hiyo barua sitaiandika. Wala sitatia sahihi. Mwambie huyo binti atafute mwanamke mwingine.

Habari za baba yako ni za kuongea ana kwa ana, nawe uko mbali.

Lois


Virginia
13 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sina habari za nyumbani za kukupa leo, kwa hiyo nianze na nilichonacho.

Nimekasirika. Barua yako nimeisoma mara nyingi nikitafuta sababu, haimo. Meredith ameniuliza mara tatu, na mara ya tatu alisema, kwa upole sana, kwamba itakuwa vigumu kumsimamia mtu ambaye jamaa zake hawataki kusema neno jema. Basi sasa ameyaunganisha. Ukikataa kuandika, kibali changu kimepotea, narudi Garsen na nusu ya masomo. Kama kuna sababu inayostahili hilo, ninayo haki ya kuijua.

Nilimpigia simu Everline. Nilipotaja baba alisema, "Muulize shangazi," akakata. Everline ambaye hakosi neno, akakata.

Halafu nimefungua faili la kisima ambalo Meredith ananiomba nimpangie. Kuna ramani ya Wema. Ina alama mbili za kuchimba, moja pale ilipo pampu, nyingine karibu na kanisa. Ya pili imekatwa kwa penseli, na kando pameandikwa kwa mkono wa mzee: "Haihitajiki. Wameridhika."

Nimeanza kumshuku kila mtu katika habari hii. Mzee, kwa kunitafuta. Meredith, kwa upole wake. Na wewe, shangazi, nakushuku kuliko wote, kwa sababu wewe hujawahi kunyamaza maisha yako yote.

Niandikie. Hata iwe mbaya.

Zadock


Wema
5 Agosti 2025

Baba Zadock,

Marahaba, mwanangu. Nguo zimefika, zinamtosha mtoto wa miaka miwili, atazikuta mbele. Mansur nimemwomba radhi, maana barua yako ya mwisho nimeiona mwenyewe ikinyeshewa mlangoni kwake, akaigandisha mbele yangu kwa uji. Kwa hiyo mmoja tumemtoa kwenye orodha yako ya washukiwa. Waliobaki tumo wote, na mimi wa kwanza, hapo hukukosea.

Kanali alikuja Agosti mwaka 2009 na askari kumi na mashine juu ya lori. Alikuwa mtu mzuri kwa kumtazama. Alikula nasi kambare kwa mikono na kuuliza majina ya watoto. Baba yako alifunzwa Kiingereza na wamisionari, akawa mdomo wake. Tulikuwa tunajivuna naye mpaka tukawa tunachosha watu. Wakachimba siku nne, wakafunga pampu, wakaita wapiga picha kutoka Lamu. Kanali alisema, kupitia baba yako, kwamba maji yakiwa mabaya wana mabomba ya shimo la pili, watachimba karibu na kanisa, mashine itakaa siku mbili zaidi.

Nilichaguliwa nionje kwanza, kwa kuwa ni dada wa mkalimani na mwalimu. Nikapokea kikombe. Yalikuwa ya chumvi, Zadock. Si chumvi ya kukisia, chumvi ya kufanya ulimi ujikunje. Unajua sisi tulivyolelewa. Mgeni aliyekuletea kitu kwa mikono miwili hukitemi mbele yake, na watu wote wamesimama, na kamera. Ile picha unayosema nimejaza mashavu kwa furaha, sikuwa nimefurahi. Maji yalikuwa bado mdomoni. Nilishindwa kuyameza na nilishindwa kuyatema.

Nilipoyameza nilimwambia baba yako kwa Kipokomo chetu, polepole, "Yana chumvi." Aliendelea kunitazama, vilevile alivyo kwenye picha. Kisha akamgeukia Kanali, akasema kwa Kiingereza, na Kiingereza hicho hata mimi nilikielewa, kwamba dada yake anasema ni matamu, anashukuru. Wakapiga makofi. Alidhani chumvi itaisha pampu ikizoea, na hakutaka kumwaibisha yule mtu mbele ya wakubwa wake. Jioni hiyo walitaka barua ya shukrani. Ningeweza kuandika kweli. Ningeandika kweli ningemfanya ndugu yangu mwongo mbele ya wageni. Nikaandika matamu. Asubuhi mashine ikaondoka.

Chumvi haikuisha. Miezi miwili, mitatu, hata mbuzi waliyakataa. Tukarudi mtoni na mitungi. Hapo ndipo baba yako alipoanza kitu ambacho mwanamume wa kwetu hakifanyi. Kila asubuhi alikuja mlangoni kwangu, akachukua mtungi wangu, akaenda kuchota mwenyewe. Wanaume walimcheka, wanawake walimpisha njia kwa aibu. Nilimkataza. Akasema, "Mimi ndiye niliyesema matamu, basi mimi nitachota." Alichota mwaka mzima na zaidi.

Tarehe 11 Februari 2011 mto ulikuwa umepungua, umebaki vidimbwi, na mamba wote wamekusanyika humo. Uliambiwa mafuriko kwa sababu mtoto wa darasa la pili hawezi kuambiwa mamba. Mama yako Priscilla na mimi tulikubaliana, tukawanyamazisha wengine. Halafu ukakua, na mimi nikawa naogopa. Kukuambia mamba kungeleta swali, alikuwa anafanya nini mtoni? Na jibu lake ni mtungi wangu. Mtungi ulirudi peke yake ukielea, nikaenda kuuopoa mwenyewe.

Sasa unajua kwa nini sitaandika "matamu" mara ya pili. La kwanza lilinigharimu ndugu. Kama la pili litakupotezea kibali, nisamehe, nalia ninapoandika hivi, lakini siliandiki. Rudi, kuna mpunga.

Kwenye karatasi iliyokunjwa humu kuna unga mweupe. Nimeukwangua kwenye mdomo wa pampu. Mwonjeshe Kanali.

Shangazi yako,
Lois


Virginia
31 Agosti 2025

Shangazi Lois,

Shikamoo. Nimesoma barua yako chooni, mahali pekee penye komeo katika nyumba hii, na nimekaa humo mpaka Meredith akabisha hodi. Sitaandika zaidi kuhusu baba leo. Nitakuandikia siku nyingine, nikiweza. Mtungi haukuwa kosa lako, hilo tu nalisema sasa.

Mzee nilimpelekea karatasi Jumanne baada ya chai. Nikaifungua juu ya meza yake ya kitanda, nikamwambia imetoka Wema. Hakuuliza ni nini. Alichovya kidole cha mkono wa kushoto, akaonja, akafunga mdomo. Nikakumbuka mashavu yako. Kisha akasema, neno moja moja, "Niliona uso wake."

Nikamwuliza maana yake. Akasema siku ile aliuona uso wako kabla baba hajatafsiri. Alijua. Lakini wapiga picha walikuwa wamepanda ndege kwa ajili yake, na jina lake lilikuwa kwenye meza ya watu waliokuwa wakiamua nani apewe nyota ya ujenerali. Alihitaji mtu aseme matamu, na baba akasema. Mwaka 2011 mtu wa jeshi aliyekuwa Lamu alimwandikia kwamba mkalimani wa Wema ameuawa na mamba akichota maji. Barua hiyo ameiweka miaka yote ndani ya Biblia, nimeiona. Ndipo akaanza kuulizia kama Ngumbao aliacha mtoto.

Kwa hiyo swali lako la Aprili limepata jibu. Mimi sikuchaguliwa. Mimi ni deni la roho yake, amenileta nimnyoe ndevu ili apate usingizi. Nilimwambia hivyohivyo. Hakunikatalia.

Meredith alikuwa mlangoni. Siku ya tatu alikuja na barua yako mkononi, alikuwa ameichukua mezani kwangu, na akaniomba nimsomee kwa Kiingereza, mbele ya baba yake. Nikafikiri juu ya kibali changu, nisiseme uongo. Niliweza kulainisha. Asingejua. Nilifika pale uliposema kwa Kipokomo, na nikaona mzee ananitazama, na binti ananitazama, na kwenye picha baba anakutazama wewe. Nikasema, "Yana chumvi." Nikaendelea mpaka mwisho, sikuacha hata habari ya mbuzi.

Picha wameiondoa ukutani. Ukumbi utafunguliwa Jumamosi ijayo, bila habari ya kisima. Kuhusu kibali sijui, Meredith hajasema na mimi sijauliza. Jana aliniuliza jambo jingine. Anataka kujua kama watu wa Wema watakubali atume wachimbaji pale karibu na kanisa, mahali pa alama ya pili. Nilimjibu kwamba siwezi kusema kwa niaba yenu. Nimeahidi tu kukuuliza.

Mwanao,
Zadock


Wema
27 Septemba 2025

Baba,

Marahaba. Tu wazima wote. Mpunga tumevuna magunia manane, nyani walipata la tisa. Mtoto wa Everline ameota jino.

Jumapili nilisimama kanisani nikasema yote, nikidhani nawafungulia siri. Nilipomaliza Kaviha alisimama, akasema siku ile yeye alikuwa wa pili kupokea kikombe, na yeye pia alisema matamu. Akasimama mwingine, na mwingine. Kumbe kikombe kilizunguka kijiji kizima. Miaka kumi na sita kila mtu amekaa na meno yake yamefungwa. Bule mzee wa kanisa alilia waziwazi.

Huyo Kanali mwambie nimesikia. Kusamehe sijafika, niko njiani, na njia yenyewe ni ya matope. Wewe hukuwa deni la mtu. Wewe ni mtoto wa Ngumbao, aliyechota maji, na watu wajue hivyo.

Habari ya wachimbaji tumeijadili. Mimi siwaamini. Binti wa mtu anaweza kutaka kisima kwa sababu ya kiu yetu au kwa sababu ya kitabu chake, na kwa mbali huko siwezi kuona uso wake. Lakini Everline anachota mtoni kila siku, na Februari inakuja. Basi waje.

Wasilete kamera. Mashine isiondoke mpaka wiki mbili zipite. Na wakukatie tiketi uje nao, ukiwa na kibali ama huna, maana mkalimani tunayemtaka ni wewe. Atakayeonja ni mimi. Yakiwa na chumvi nitayatema palepale mbele ya miguu yao, na wewe utawaambia kwa nini.

Shangazi yako,
Lois